Kivuli cha Kituo cha Ushonaji

Kila asubuhi, jua likishapanda kidogo, Mama Pindo alijitwika cherehani yake, akavuka barabara na kuingia kituoni kwa kupitia mlango. Mlango wenyewe ulikuwa kipande kirefu cha mwanga kilicholala juu ya nyasi. Alipangusa nyayo, akaingia, akatua cherehani karibu na dirisha la pembeni, maana hapo ndipo alipopata mwanga wa kutungia uzi. Kisha akawasalimia wenzake na kuanza kazi.

Jengo halikuwepo. Kilichokuwepo ni kivuli chake.

Kiwanja kilikuwa kati ya zahanati na ghala la mbao, na serikali ilikuwa imekitolea ruzuku ili wakazi wajengewe Kituo cha Jamii cha Ushonaji, wanawake wapate ajira karibu na nyumbani. Mume wa Mama Pindo ndiye aliyekuwa mwashi wa kwanza kuitwa. Watu walimwita Timazi, kama ule uzi wenye kizito wa kupimia ukuta, kwa sababu hakuweza kukaa mahali penye kitu kilichopinda. Hata akialikwa chakula kwa mtu, kwanza angeinyoosha meza. Alichimba msingi kwa furaha, akapiga kamba, akasubiri saruji. Diwani alisema saruji iko njiani. Timazi akawa anashinda kiwanjani, ameketi juu ya lundo la mchanga, anailinda kazi yake. Mchanga nao ukaja kuchukuliwa na lori, akawa anaketi chini. Mvua za baridi zilimkuta hapo hapo. Kifua kikambana, na kabla nyasi hazijaota ndani ya msingi wakawa wamekwisha kumzika.

Baada ya hapo ndipo ulipokuja uzinduzi. Diwani alifika na wageni wake, utepe ukafungwa kwenye vigingi viwili, nyuma ya vigingi hakuna hata tofali. Alisifu jengo kwa maneno mazuri, akaeleza paa lake, madirisha yake na ukumbi wake wenye hewa, akakata utepe. Mkasi ulipofunga tu, kivuli kikaanguka kiwanjani, kikubwa, kimenyooka, chenye kila kitu alichokitaja. Watu walipiga makofi. Kilikuwa kivuli kizuri, hakuna aliyeweza kukitoa kasoro.

Wanawake waliokuwa wameahidiwa kazi walingoja siku kadhaa wakitazamana. Halafu mmoja wao, mshona mashuka ambaye wote walimwita Kicheko, akasema joto la nyumbani limemshinda, akahamia kivulini na cherehani yake. Wengine wakafuata. Ndani palikuwa baridi, pana harufu ya chokaa mbichi, na sauti zilijirudia kidogo kama zinavyojirudia kwenye ukumbi mtupu. Asubuhi kivuli kililala upande wa zahanati. Jua la utosini lilipokibana kikabaki uzi mwembamba, walikwenda kula. Alasiri kilifunguka tena upande wa barabara, nao wakahama nacho, kila mtu akilifuata dirisha lake. Siku za mawingu hakukuwa na kazi. Wateja wakazoea. Kuna mmoja aliyepita ukutani akiwahi kuchukua sare za watoto, na Kicheko akamwuliza kama kwao hakuna milango.

Mama Pindo alimwona mumewe siku ileile aliyohamia. Pale ukingoni, kivuli cha paa kilipokomea na mwanga wa nje kuanza, palikuwa na kivuli cha mtu aliyechuchumaa. Alikuwa akiteremsha uzi wenye kizito, akiutazama, akiupandisha. Kisha akajikuna kisogo kwa mpini wa mwiko. Mama Pindo aliacha gurudumu la cherehani lizunguke peke yake mpaka likasimama.

Alikwenda kumwita mama mkwe wake, aliyeishi naye ng'ambo ya barabara. Bibi alikuja na mkongojo wake, akazunguka kivuli chote kwa nje, akasimama penye ukingo, akainama.

"Ndiye," alisema. "Tangu tumboni hakutulia huyu."

"Yuko juu ya paa, mama."

"Naona. Na hajala, mtazame mabega."

Toka siku hiyo, Mama Pindo alitoka na kikombe cha chai kila alasiri, akasimama penye jua, akakiinua mpaka kivuli cha kikombe kikaugusa mkono wa kivuli cha mumewe. Alihisi kikombe kikiwa chepesi. Alipokishusha hakikuwa na kitu ila majani ya chai chini. Alirudi kwenye cherehani yake na moyo mweupe, na watu walisema pindo zake za siku zile zilinyooka kuliko za awali. Akiwa kazini alimsimulia mambo ya nyumbani kwa sauti ya kawaida: mlango wa uani unakwaruza, binti yao ameanza kazi mji mwingine, bibi amegombana tena na muuza mkaa. Timazi hakuwa msemaji hata alipokuwa na mdomo. Lakini mara nyingine, akisikia jambo la kuchekesha, bega lake moja lilitikisika.

Siku ambayo mkaguzi wa ruzuku alitumwa kuja, jua lilikuwa kali. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye viatu vilivyombana. Aliingia kwa kupitia mlango, na kwa hilo tu wanawake wakampenda. Walimpa kiti. Alivua kiatu kimoja kisirisiri, akapumua.

"Hewa nzuri humu," alisema. "Nimekagua vituo vingi, vingine ni tanuri."

Diwani, aliyesimama mlangoni, aliinamisha kichwa kama mtu anayesifiwa mtoto wake.

Mkaguzi aliwahesabu mafundi kwa kuwanyooshea kalamu, akatazama nje penye ukingo, akamhesabu na Timazi. "Na yule wa juu ni wa kudumu?"

"Wa kudumu," alisema diwani.

Mama Pindo alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto cha pini, akajikaza. Wenzake waliacha kuzungusha cherehani zao.

"Dada mkaguzi, samahani," alisema. "Jengo hakuna."

Mkaguzi alimtazama vizuri. Hakukasirika. Alitazama juu, kwenye anga tupu la buluu, akatazama chini kwenye kivuli cha boriti zilizopangwa sawasawa miguuni pake.

"Nakuelewa, mama," alisema. "Lakini mimi nitaandika nini? Kivuli kipo, mnakitumia, watu wana kazi. Nikisema jengo hakuna, wataniuliza hiki kivuli ni cha nini."

"Na mume wangu je?"

"Ana nini?"

"Amekufa."

"Pole sana, mama." Alifunga kalamu yake kwa heshima. "Anafanya kazi vizuri."

Kisha akavaa kiatu chake. Diwani akawatangazia wote kwamba, kwa sababu kituo kimefanikiwa, serikali itatoa ruzuku ya awamu ya pili, na kituo kitaongezewa ghorofa. Wanawake walipiga makofi kwa mazoea. Mama Pindo alitazama nje. Kivuli cha Timazi kilikuwa kimesimama sasa, mkono kiunoni, uso umeelekezwa juu kwa namna anavyofanya mwashi anapopima kazi iliyobaki. Kisha kikachuchumaa tena. Kilichuchumaa polepole, kwa kujishika goti.

Jioni hiyo, alipomwinulia chai, mkono wa mumewe ulichelewa kuja. Ulipokuja ulikuwa umelegea kwa uchovu. Mama Pindo alisimama na kikombe kitupu mkononi mpaka mwanga ukaisha. Ilimjia wazi, bila kelele, kwamba chai ile ndiyo iliyokuwa ikimweka mtu huyu kazini.

Nyumbani alimwambia mama mkwe. "Nataka ashuke."

Bibi alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso. "Akishuka ataondoka."

"Huenda."

"Sasa hivi namwona kila siku. Nikifungua dirisha yupo. Wewe bado kijana, utaolewa. Mimi nitampata wapi tena mwanangu?"

"Mama, wanamwongezea ghorofa."

Ungo ulisimama. Bibi alikaa na punje za mchele kiganjani, akizigeuza geuza kwa kidole gumba.

"Magoti yake yalikuwa mabovu," alisema mwishowe. "Nani atamshusha?"

Mdogo wake Timazi alikuwa seremala katika ghala la mbao. Mama Pindo alimkuta akipiga randa.

"Shemeji, nitengenezee ngazi."

"Ya kupandia wapi?"

"Ya kushukia."

Seremala aliweka randa chini. Alichungulia juu ya ua wa ghala, kule kiwanjani, kaka yake alikokuwa akipanga vigae visivyokuwepo. Alijipangusa unga wa mbao usoni, akachukua muda mrefu kujipangusa macho. "Nitaifanya ndefu," alisema. "Kaka anachukia kuruka."

Aliitengeneza kwa mbao nyepesi, vidaraja vya karibu karibu kwa ajili ya magoti mabovu. Walipoisimamisha mara ya kwanza haikufaa, kwa sababu waliiweka ndani ya kivuli, na humo ngazi haikuwa na kivuli chake. Ilibidi wahame nje kidogo, kando ya ukuta, penye jua. Seremala na wapagazi wa ghala waliishikilia kwa kamba. Kicheko na wenzake waliacha kazi, wakatoka kwa kupitia mlango, wakasimama, nguo za watu zikiwa bado mabegani. Bibi aliletewa kiti.

Jua lilikuwa limeinamia zahanati. Kivuli cha ngazi kilinyooka juu ya nyasi kando ya kivuli cha ukuta, kikakua, kikafika kwenye paa. Timazi alikigusa. Kwanza alitoa uzi wake wenye kizito, akapima kama ngazi imesimama wima.

"Imenyooka, we mtoto!" bibi alimfokea. "Shuka!"

Bega moja likatikisika. Kisha mguu ukatafuta kidaraja, ukakipata, na mwingine ukafuata. Seremala, aliyeikumbatia ngazi, alisema baadaye kwamba aliusikia uzito wa kaka yake kwenye kila kidaraja. Alikuwa mzito kama zamani. Alishuka akipumzika mara kwa mara, na hakuna aliyemharakisha. Alipofika chini, kivuli chake kilikutana na miguu ya mkewe na kusimama hapo.

Mama Pindo alisubiri kitoweke. Alikuwa amejiandaa kwa hilo, hata leso alikuwa nayo. Lakini kivuli kilijikung'uta vumbi tu, kikajikuna kisogo kwa mkono mtupu, kikajilaza ubavuni mwa kivuli cha mkewe. Bibi aliomba asogezewe kiti. Aliweka kiganja chake juu ya nyasi, pale kichwa kilipokuwa, akakiacha hapo kwa muda.

Paa lilibaki na tundu mahali Timazi alipoachia kazi, na jua la alasiri likawa linawachoma mafundi wa katikati. Walisogeza cherehani zao. Ruzuku ya awamu ya pili ilipotoka, diwani alikuja akahutubia, na kivuli kikaota ghorofa, pamoja na ngazi za ndani na choo. Huko juu alianza kuonekana mtu mwingine akichuchumaa, mwembamba, mwenye kofia. Wanawake walimtazama kwa zamu ili kujua ni wa nani. Bado hakuna aliyemtambua.

Mama Pindo alirudi nyumbani kila jioni akiwa na vivuli viwili. Kimoja kilibeba cherehani kichwani. Kingine kilikwenda mikono mitupu, kikisimama kila mara kutazama uzio wa watu uliopinda. Kicheko, aliyezoea kuongozana naye mpaka ng'ambo ya barabara, alikipisha ili asikikanyage.

"Kwa hiyo kazi ya shemeji imekwisha?" aliuliza.

"Yake imekwisha."

"Na jengo?"

Mama Pindo alisawazisha cherehani kichwani, akangoja kivuli cha mumewe kimalize kuutazama uzio.

"Bado hawajaanza," alisema.