Baba Nyuma ya Pazia

Nilimpa baba nafasi ya mwizi kwa sababu kuigiza hajui, na mwizi wangu hakuwa na neno hata moja la kusema. Kazi yake ilikuwa kujificha nyuma ya pazia la makumbusho, mlinzi apite, kisha atoroke na mchoro. Mlinzi nilimpa kaka yangu, Amissi.

Tangu Amissi aache gereji ya baba na kufungua duka la simu mtaani Asiatique, wawili hao hawasemeshani. Iddi imepita, kila mtu kala kwake. Mama, aliyekuwa akiwapatanisha, hayupo tena. Nimebaki mimi, Yasmina, na kamera ya kuazima. Filamu niliitaka, lakini hawa wakaidi wangu niliwataka zaidi.

Bi Léoncie, mama mmoja anayeuza michoro, alituazima ukumbi wake wa maonyesho kule mtaa wa Kinindo, ukawa ndio makumbusho yetu. Baba alifika, akamwona Amissi na sare ya ulinzi, akanigeukia mimi.

"Yasmina, ambia huyo mulinzi asinikanyage."

"Ambia huyo mwizi avute tumbo, linaonekana," Amissi akasema, naye akiniangalia mimi.

Nikawasha kamera. Baba akajibanza nyuma ya pazia. Amissi akafungua mlango na, kama tulivyolelewa kusalimu hata chumba kikiwa kitupu, akasema:

"Assalaam aleikum."

"Waaleikum salaam warahmatullah," baba akaitikia kutoka mafichoni.

Nilicheka mpaka kamera ikatikisika. Baba akatoa kichwa, kakasirika kweli.

"Salamu ni wajibu kuitikia! Mi ningefanya nini?"

Tukarudia. Safari hii nilimwonya Amissi aingie kimya. Akaingia, akapita mbele ya pazia, akazunguka ukumbi wote bila neno. Kila kitu kilikwenda vizuri, nami nikaumia moyoni, maana filamu ilikuwa imepona na sisi tumebaki vilevile.

Amissi alikuwa karibu na mlango pazia liliposogea.

"We Amissi," baba akasema kwa sauti ndogo. "Basi haunisalimie tena?"

Amissi akavua kofia, akarudi, akamfuata kulekule nyuma ya pazia. Nikamsikia akisema, "Assalaam aleikum, baba."

Mchoro ulibaki ukutani, hakuna aliyeugusa. Kamera niliiacha iendelee, ingawa haikuona kitu isipokuwa pazia, na chini yake viatu vya watu wawili vimekaribiana.