Usingizi wa Tusekile Kwenye Foleni

Usiku wa kuamkia leo niliota nimemkuta Usingizi wa mdogo wangu Tusekile amekaa nje ya mlango wetu, kigodoro chake kipo kwapani.

"Shikamoo, dada," akasema. "Tusekile kanifukuza. Tangu shule zifunguliwe anatazama dari tu, na mama akimwuliza anajibu yuko poa."

Hilo nalijua. Tunalala kitanda kimoja.

"Twende zahanati," nikasema. Nikamshika mkono yeye, nikamshika na Tusekile, na kabla sijavaa ndala tumeshafika kwenye benchi.

Foleni imejaa. Kuna Goti, kuna Jino, kuna Tumbo limejifunga kanga. Tusekile amejifunika sweta la shule kichwani.

"Huyu naye anaumwa nini? Mbona havuji damu?" Jino likauliza.

"Unaona, dada?" Tusekile akaninong'oneza. "Watasema mimi chizi. Darasani watanitungia wimbo."

"Mimi nimeanza kuuma jana tu," Jino likasema, "na majirani wote wamenipa pole." Halikuwa linaringa. Lilikuwa linashangaa.

Zamu yetu ikafika. Mlango wa nesi ukamwuliza Tusekile, "Hujambo?"

"Niko poa."

Komeo likajifunga.

"Hujambo?"

"Niko poa, jamani!"

Komeo jingine, nene kama mchi wa kinu. Usingizi akaanza kufifia kuanzia miguuni. Hakulalamika, alikumbatia kigodoro chake tu.

"Tuse," nikamwambia, "huyu akiisha hatuna mwingine."

Akamtazama. Akavua sweta kichwani.

"Silali," akauambia mlango. "Naogopa, na sijui naogopa nini."

Makomeo yote yakafunguka. Ndani, nesi ni birika letu la chai, limevaa koti jeupe.

"Nisije nikamkatiza," likasema, likachukua pamba, likaziba mdomo wake. Tusekile akaongea, akaongea, mpaka Usingizi akatandika kigodoro sakafuni na kuanza kukoroma.

Nikaamka. Tusekile alikuwa ameketi kitandani, macho mekundu.

"Dada, zahanati wanafungua saa ngapi?"

"Asubuhi hii hii. Kwani?"

"Utanisindikiza?"

"Nakusindikiza. Tunywe chai kwanza."

Nikachemsha, nikainamisha birika kwenye kikombe chake. Chai haitoki. Nikachokonoa mdomo wa birika kwa njiti.

Ikatoka pamba, kavu kabisa.