Diski ya Mkurugenzi

Umeme ulichezacheza asubuhi, seva ya hospitali ikazimika na kumbukumbu za wagonjwa elfu tisa. Manesi wakabaki kuwauliza wagonjwa wanameza dawa gani, nao wakajibu, "Zile nyeupe."

Fundi wa kompyuta walimbandika jina Mama Nakala, kwani mwaka mzima aliimba wimbo mmoja: tuweke nakala. Walimcheka. Mkurugenzi alifanya makubwa zaidi: diski iliyonunuliwa kwa kazi hiyo aliibeba kwake, eti kwa matumizi ya kiofisi. Haikurudi.

Sasa maji yalikuwa yamemfika Mkurugenzi shingoni, na wajumbe watatu wa bodi wamesimama nyuma yake.

"Sakinisha upya! Unangoja nini?"

"Nikisakinisha sasa hivi, nazika kila kitu, mzee. Kwanza ninakili kilichomo ndani. Nahitaji ile diski uliyoichukua."

Wajumbe wakageuka. Mkurugenzi akajikaza kisabuni, akamtuma dereva nyumbani. Diski ikaja imeviringishwa kitambaa cha meza.

"Niangalie kwanza kilichomo?"

"Uangalie nini? Futa!"

"Hakuna chako humu?"

Mkurugenzi akawatupia wajumbe jicho. "Mimi? Niweke vyangu kwenye mali ya umma?"

"Basi niandikie kwamba hakuna chako, nifute."

Akaandika, akatia sahihi yake yenye mikia mitatu.

Mama Nakala akafuta, akanakili. Alijua vizuri: kumbukumbu zikipotea, atakayefukuzwa ni yeye, si mwenye mikia mitatu. Kisha akaisafisha seva, akasakinisha upya, akarudisha kumbukumbu na kuzihesabu. Elfu tisa, haikupungua hata moja. Akalia kidogo, akapenga kamasi.

"Siku zote nasisitiza nakala," Mkurugenzi aliwaambia wajumbe, nao wakampigia makofi. Mtu hana haya hata chembe!

Jioni akarudi peke yake, simu mkononi, sauti imenywea.

"Mama, ile diski... ilikuwa na harusi ya binti yetu. Yote. Huwezi kuirudisha?"

"Nimeshaandika juu yake. Hamkuweka nakala nyingine?"

Mkurugenzi akatikisa kichwa. Kwenye simu, mkewe alikuwa anafoka: "Muulize, nani kamwambia afute harusi ya mwanangu?"

Mama Nakala akafungua droo, akatoa ile karatasi na kumsogezea.

"Msomee," alisema.