Dawa ya Kila Siku

Nilikuwa namenya tangawizi ya chai ya asubuhi, jikoni kwetu katika mji wa Crystal, simu ya kazi ilipolia. Hospitali ilitaka mkalimani wa Kiswahili kwa simu, haraka. Nikavaa hedifoni, kisu bado mkononi.

Mgonjwa alikuwa mtoto wa miezi mitatu, Ntwali. Alizaliwa mdogo, na sasa mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Nilimsikia akilia kwa sauti nyembamba. Wazazi wake, Euphrasie na Sosthène, ni Wakongo wanaoishi mji wa Champlin, si mbali na kwetu.

"Muulize mama kama alitumia dawa zozote akiwa mjamzito," daktari alisema.

Nikamuuliza.

"Nilikuwa nakamata dawa kila siku, dada. Mpaka mwezi wa nane wa mimba."

Mimi ni Mtanzania, lakini Wakongo wengi niliowatafsiria husema kukamata dawa kwa maana ya kuzimeza. Nikatafsiri hivyo: alimeza dawa kila siku.

"Alipewa na nani?" daktari aliuliza.

"Bosi wetu wa kazi," Euphrasie alijibu.

Sauti ya daktari ikabadilika. "Huenda ni dawa za kulevya. Mwambie nitalazimika kumwita ofisa wa ustawi wa jamii. Mtoto huenda asirudi nao nyumbani leo."

Nilitafsiri.

"Watakamata mtoto?" Sosthène aliuliza. "Euphrasie, nyamaza. Usiongeze kitu."

Watakamata. Neno lilelile, na safari hii halikuwa na uhusiano wowote na kumeza. Mkalimani haongezi la kwake, na mimi sijawahi kumkatiza daktari hata mmoja. Nikaweka kisu mezani.

"Samahani, daktari. Huenda nimetafsiri vibaya. Naomba nimuulize jambo moja."

"Uliza."

"Mama Ntwali, hiyo dawa uliikamata kwa mdomo au kwa mikono?"

"Kwa mdomo? Dada, nyinyi kule Tanzania munakunywaka dawa ya wadudu?"

Sikuweza kucheka.

"Euphrasie," Sosthène alisema taratibu, "tuko wote wawili kwa ile kazi. Watatufukuza."

"Watufukuze." Alivuta pumzi. "Dada, mwambie docteur vile ninasema, usipunguze. Nilikuwa napulizia maua ndani ya nyumba za plastiki, bila gants, mikono mitupu, nguo inalowa mpaka kwa tumbo. Niliomba kazi ingine, bosi akakataa. Ninaogopa ile dawa ndiyo iligusa mtoto wangu."