Miisho ya Mama Tochi

Hakuna filamu ya zamani ambayo Mama Tochi hakuiona. Taja yoyote, atakwambia nani alipanda farasi gani na nani alizabwa kofi na nani. Miisho tu ndiyo hakuwahi kuiona, hata mmoja. Miaka ishirini na sita alikuwa akiwaonyesha watu viti kwenye ukumbi wa sinema, tochi mkononi, na kila filamu ikibakisha dakika kumi ilimbidi atoke akasimame mlangoni, kuwazuia wa onyesho la pili wasijipenyeze. Watu wakitoka wanafuta macho, alijua kuna mtu kafa huko ndani. Ni nani na kwa nini, alijibunia mwenyewe.

Siku hizi ukumbi ni ghala la saruji, na mtazamaji wa Mama Tochi amebaki mmoja: mdogo wake, Kitinda. Sukari ilimla macho, ikahamia kwenye figo. Muuguzi alishasema, tena bila kukaa, kwamba wahesabu siku.

Kuna mtoto mmoja wa Kitinda, aliyeondoka miaka kumi na moja iliyopita kwa ugomvi. Jumatatu Mama Tochi aliipata namba yake. "Mama mkubwa, mwambie nilishakufa," kijana alisema, akakata simu. Mama Tochi akaingia chumbani akasema kijana kalia sana, anafika Jumapili. Tangu hapo Kitinda anameza dawa bila kuzitapika, na jana aliomba achanwe nywele.

Jumamosi saa tisa alasiri runinga ikaleta filamu ya Kidevu. Ndivyo walivyomwita mwigizaji wao tangu usichana, kwa lile shimo la kidevuni. Lugha yake hawakuijua. Mama Tochi alisoma maandishi ya chini kwa kuyakimbiza, akisimulia.

"Kaingia."

"Kavaaje?"

"Koti jeusi. Kapendeza, mshenzi huyu."

"Usimkodolee, dada. Mume wangu huyo."

"Mume! Akuone ulivyo leo, atamwacha hata farasi akimbie kwa miguu."

Kitinda akacheka, kicheko kikamkata pumzi, ikabidi ainuliwe kwa mito.

Mama Tochi alikuwa amechelewa kuitambua filamu. Ilikuwa ile ya mama anayekaa dirishani kumsubiri mwanawe, yaani Kidevu. Akaishika rimoti.

"Usibadilishe," alisema Kitinda.

Zikabaki dakika kumi, na kwa mara ya kwanza maishani hakuna aliyemtoa nje. Akaona yote. Mama alikufa kitini, mdomo wazi, na mlango haukufunguka. Kidevu alionekana mji mwingine kabisa, anacheka na wanawake.

"Enhe?" Kitinda aliuliza. "Mbona kimya?"

"Kidevu kafika. Kapiga magoti, kamshika mama yake mkono."

"Mama anasema nini?"

"Anasema... mbona umekonda."

Kitinda aliusikiliza muziki mpaka ukaisha.

"Hii niliiona mara tatu, dada. Ulikuwa ukiniingiza bure, kisha unatoka kulinda mlango wako. Mimi nilibaki ndani. Yule mama anakufa peke yake."

"Labda wameipiga upya."

"Kidevu kafukuliwa kaburini akaigize?"

Mama Tochi akazima runinga. Akaanza kukunja shuka ambalo lilikuwa limekunjwa tayari.

"Nieleze tena," alisema Kitinda, polepole, "mwanangu alisema nini kwenye simu."

"Si nilikwambia? Kesho anafika."

"Maneno yake. Vile vile alivyoyasema."

"Alisema... 'Mama, bahari zote nilizovuka hazikuniosha machozi yako.'"

"Mwanangu fundi magari ndiye kasema hivyo?"

"Kabadilika. Watu wanakua."

"Bahari gani kavuka, dada? Yupo mji wa pili hapo, mwendo wa saa nne kwa basi." Kitinda alikigeuza kichwa chake kilichochanwa vizuri, macho meupe yakamwelekea sawasawa. "Hayo ni ya Kidevu, kwenye ile filamu ya meli. Nusu ya kwanza, kabla hujatoka mlangoni."

Shuka likamponyoka Mama Tochi mikononi.