Laibrari ya Uingereza

Mzee Shomari aliingia uani kwa Nusaiba, Tandika, Jumamosi asubuhi, akiwa bado na sare ya ulinzi aliyokesha nayo lindoni. Mkononi alishika barua mbili, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe.

"Shikamoo mzee Shomari," Nusaiba alisema, akamsogezea kigoda.

"Marahaba mwanangu. Hebu nisomee hizi, kisha uniambie aliyerukwa na akili ni mie au ni hiyo mashine."

Zilikuwa barua za onyo kutoka Komeo, kampuni ya ulinzi ya Kinondoni ambayo mzee aliifanyia kazi tangu ianzishwe. Zote mbili zilisema jambo moja: Shomari hupumzika Jumatano, lakini anajiongezea na Alhamisi. Kompyuta mpya ya kampuni imeonyesha kwamba Alhamisi hakuja. Barua ya tatu ingekuwa ya kumwachisha kazi.

"Sijakosa hata siku moja," mzee alisema. "Jumatano nalala kwangu. Usiku wa kuamkia Ijumaa naingia lindoni, karani anaibonyeza namba yangu mie nikiona. Halafu bosi wetu Meja ananiambia kompyuta haidanganyagi, eti imetoka Uingereza. Na siko peke yangu. Wenzangu wa usiku wote wana barua, kila mtu anaambiwa kakosa siku inayofuata mapumziko yake. Wa zamu ya mchana hana barua hata mmoja."

Akatoa na orodha ya mahudhurio, kipande cha karatasi ya printa, ile yenye matundu pembeni. Nusaiba aliitambua pale pale. Aliuona mstari wa nyota chini ya kichwa cha orodha. Aliziona siku zilizofupishwa kwa herufi tatu tatu, na jumla zilizosukumwa hadi ukingo wa kulia. Fundi cherehani hujua pindo lake hata akilikuta mnadani. Juu kabisa palikuwa na jina la Wilfred, mshirika wake wa zamani, kwa herufi kubwa, na chini yake maelezo kwamba mfumo huu umejengwa kwa laibrari iliyotengenezwa Uingereza.

Uingereza! Laibrari ile ilitengenezwa Tandika, katika chumba cha uani, jirani na banda la kuku.

Asiyejua kazi hii na aelezwe kidogo. Mwandishi wa programu haandiki kila kitu upya. Kuna vipande vilivyokwisha kuandikwa, vya kupanga tarehe, kuchapa orodha, kutafuta jina kati ya majina elfu, na vipande hivyo vikikusanywa pamoja ndivyo wenyewe huviita laibrari. Ni sawa na kununua unga uliokwisha kusagwa badala ya kutwanga mwenyewe. Unakuokolea muda mwingi, ila ndani yake kilichosagwa anakijua msagaji.

Msagaji alikuwa Nusaiba. Enzi zile za ruksa, bidhaa za nje zilipokuwa zikimiminika na kila duka la Kariakoo limegeuka la wageni, yeye na Wilfred walifungua ofisi Kinondoni yenye kompyuta mbili na feni moja. Wilfred alikuwa kijana wa Masasi, mcheshi, hatoki bila tai, ulimi wake ungeweza kumuuzia samaki maji. Yeye alitafuta wateja, Nusaiba akaandika. Miaka minne alijenga laibrari yake, kipande kwa kipande, na wateja wa Wilfred wote walisimama juu yake bila kumjua.

Kisha Badru, mumewe, akafa kwa homa ya siku tano, na Nusaiba akaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki. Wilfred alikuja msibani na ubani wake, akalia machozi ya kweli, hilo tusimnyime. Mwezi wa pili akaja tena, akazungumza naye kutoka nyuma ya pazia kama adabu inavyotaka: "Dada Nusaiba, nipe zile disketi wateja wasikwame. Kazi yako inakungoja, usiwe na wasiwasi." Alimpa. Angemnyima vipi, na yeye hana mguu wa kwenda Kinondoni?

Siku aliyotoka eda alioga, akavaa baibui jipya, akaenda kazini. Alikuta kitasa kipya na kibao kipya chenye jina moja. Wilfred alimpokea mlangoni, hakumkaribisha hata kiti. "Mambo yamebadilika, dada. Wateja siku hizi wanataka vitu vya nje. Na wewe mjane, pumzika." Baadaye Nusaiba alipokwenda kwa wateja mmoja mmoja kuomba kazi, aliambiwa kwamba Wilfred alikwisha waeleza: yule mama alikuwa mpiga chapa tu. Tangu hapo alikuwa akiwachapia watu wa Tandika kadi za harusi na barua za kuomba kazi, yeye aliyeweza kuandika mfumo wa kiwanda kizima. Hakutaka kitu kutoka kwa Wilfred. Alitaka siku moja tu Wilfred asimame mbele ya watu aliowadanganya, aseme kwa mdomo wake nani aliyeiandika laibrari ile.

Na sasa siku hiyo ilikuwa imeletwa uani kwake na mlinzi mwenye barua mbili.

Kwa maana Wilfred aliiba kwa haraka. Disketi zilikuwa na laibrari iliyokwisha fungwa, inayotumika lakini haisomeki ndani. Maandishi yenyewe alibaki nayo Nusaiba, pamoja na kaunta buku lenye maelezo ya kila kipande. Ukurasa wa kumi na nne ulieleza kipande cha kupanga zamu. Mteja wake wa kwanza alikuwa kiwanda cha mafuta ya kula Chang'ombe, na msimamizi wa zamu pale, Mwinshehe, alihesabu kama wahesabuvyo watu wa pwani: jua likizama, siku imekwisha, usiku ni wa kesho. Anayeingia Alhamisi jioni ameingia usiku wa Ijumaa. Nusaiba aliandika hivyo hivyo, kwa kuwa ndivyo yeye mwenyewe alivyolelewa. Akaongeza na nafasi ya herufi moja: ukiandika U, siku inabadilika usiku wa manane. Usipoandika kitu, inabadilika jua likizama.

Wilfred hakuandika kitu. Angejuaje? Aliijaribu programu yake saa nne asubuhi, na saa nne asubuhi hesabu zote mbili zinapatana. Kwa hiyo Shomari akiingia Alhamisi jioni, mashine inamwandika Ijumaa, na Alhamisi yake, ambayo ingejazwa na usiku wa Jumatano aliopumzika, inabaki tupu. Herufi moja tu. Nusaiba angeweza kuisema pale pale, kabla chai haijapoa.

"Niachie hizi karatasi, mzee wangu," alisema. "Nitaangalia."

"Angalia upesi, mwanangu. Imebaki barua moja."

Mzee alipoondoka, Nusaiba alikaa na kaunta buku mapajani, moyo ukimdunda kwa furaha mbaya. Ndiyo, furaha, tusiipake rangi. Akisema leo, Shomari atamwambia Meja, Meja atamwambia Wilfred, Wilfred atarekebisha na kusifiwa kwa wepesi wake. Akinyamaza, mashine itaendelea kusema uongo mpaka Wilfred hana pa kujificha. Za mwizi ni arobaini, na Nusaiba alikuwa tayari kuzihesabu zote.

Alhamisi iliyofuata Shomari alikwenda kazini. Jumamosi akapewa barua ya tatu.

Nusaiba alisikia habari kwa Mwajabu, mke wa mzee, walipokutana bombani. Mzee sasa anachimba mchanga Mbagala na vijana wa umri wa wajukuu zake, Mwajabu alisema, na usiku analala amekaa kwa sababu mgongo haukunjuki. Nusaiba alisema pole. Alirudi nyumbani ndoo ikimwagika, akajiambia kwamba Wilfred ndiye aliyemfukuza mzee, si yeye. Alijiambia hivyo mara nyingi wiki ile. Asubuhi moja alifika hadi kituoni aende Kinondoni akaseme, lakini akaukumbuka mlango ule na neno "pumzika", akageuza.

Walinzi waliofukuzwa walifika ishirini na sita. Meja Audax, mwanajeshi mstaafu mwenye kampuni ile, aliamini mashine mpaka jioni moja alipoamua kusimama mwenyewe getini na kuhesabu watu wakiingia. Asubuhi yake kompyuta ikamwambia tisa kati yao hawakuja, na wote tisa alikuwa amewaona kwa macho yake. Akampigia simu Wilfred, akampa siku tatu.

Siku ya pili Wilfred alikuwa uani Tandika, tai imelegea, kabeba sukari kilo mbili na doti ya kanga.

"Dada Nusaiba, shetani alinipitia..."

"Sukari weka chini. Sema shida yako."

Akaieleza, akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nusaiba alimsikiliza mpaka mwisho, akayafaidi maneno yake moja moja.

"Pole sana, kaka," alisema. "Lakini si laibrari ya Uingereza? Wapigie simu Waingereza."

"Dada, usinifanyie hivyo. Kesho nimekwisha."

"Mie nilikwisha mwaka jana, na hukuja na sukari." Akasimama. "Kesho saa kumi na moja jioni walinzi wanapokusanyika uwanjani, nitakuja. Utasimama mbele ya Meja na mbele yao, useme laibrari ile kaandika nani, na disketi ulizipataje, na mwenyewe alikuwa katika hali gani. Ukimaliza, nitaitengeneza. Ukiruka neno moja, narudi zangu Tandika."

Wilfred alikubali kwa kichwa.

Kesho yake uwanja wa Komeo ulikuwa umejaa. Walinzi wa usiku walijipanga mistari, na waliofukuzwa nao wameruhusiwa kuingia, wamesimama kando ya ukuta. Shomari alikuwa miongoni mwao, mikono imefungwa vitambaa. Nusaiba alifika na kaunta buku lake na disketi moja, akasimama karibu na Meja. Wilfred akatoka mbele.

Alisema. Alisema yote, na jasho likimtiririka mpaka kwenye kola. Kwamba hakuna Uingereza. Kwamba kila herufi ya laibrari ile imeandikwa na dada huyu hapa, na kwamba yeye alizichukua disketi dada akiwa edani, akamfungia mlango, akawaambia watu ni mpiga chapa. Mlinzi mmoja akapaza sauti, "Mwingereza wa Masasi!" na uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Nusaiba hakucheka. Alifumba macho, akaliacha jambo lile limwingie kifuani taratibu, akasikia mwaka mzima wa aibu ukimtoka.

"Kwa hiyo iliyowaandika watu wangu watoro ni kazi yako wewe, mama?" Meja aliuliza.

"Ni yangu, afande. Na haikukosea. Ilitumiwa na asiyeijua."

Akawaeleza, kwa sauti ya kusikika hadi ukutani, namna siku inavyohesabiwa Chang'ombe na namna Meja anavyoihesabu. Akaingia ofisini, akaketi, akaandika herufi moja, akaijenga programu upya, akaiamuru mashine ipange tena miezi mitatu yote. Printa ililia muda mrefu. Meja aliipokea orodha, akaisoma jina kwa jina, akaivua kofia yake. Hapakuwa na mtoro hata mmoja. Hapo hapo akamwambia Wilfred asikanyage tena Komeo, akawatangazia waliofukuzwa kwamba kesho warudi kazini, na akamwomba Nusaiba mfumo wa matawi yote auchukue yeye. Watu wakapiga makofi. Wilfred akatoka getini peke yake, na hakuna aliyemfungulia njia.

Shomari ndiye pekee ambaye hakupiga makofi. Alisogea polepole hadi aliposimama Nusaiba, akaliomba kaunta buku. Vidole vilivyotoka nje ya vitambaa vilikuwa vimechubuka, ngozi imebambuka. Aliutazama ukurasa wa kumi na nne, herufi moja iliyozungushiwa duara kwa wino uliokwisha fifia.

"Hii ni ya zamani," alisema.

"Ya zamani, mzee."

"Jumamosi ile nilipokuja kwako na barua mbili, ulikuwa unaijua?"

Makofi yalikuwa bado yanaendelea. Angeweza kusema kwamba aliigundua jana, na mzee angemwamini, kwa sababu kwake yeye Nusaiba alikuwa mwanawe.

"Nilikuwa naijua," alisema.

Shomari alilifunga buku, akamrudishia kwa mikono miwili, kwa adabu, na adabu ile ilimuuma Nusaiba kuliko tusi.

"Yule umemleta mbele akasema aliyokufanyia," mzee alisema. "Basi na wewe nenda pale ukawaambie hawa ishirini na sita."

Nusaiba aliwatazama pale ukutani, wakikumbatiana, wengine wakimpungia mkono. Kisha akaenda, akasimama alipokuwa amesimama Wilfred, akaomba watu wanyamaze.