Pikipiki Mpya ya Bwana Miwani

Zebedayo aliifuta ile pikipiki kwa upole na kwa woga, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwenziwe amwogeshe. Alizoa konzi ya singa, zile nyuzi fupi za mkonge zinazobaki sakafuni baada ya kuchanwa na brashi, akafuta tangi, akafuta taa, akafuta kila chuma kinachong'aa, akapenyeza vidole mpaka kwenye mianya ya injini. Shamba zima mashine zilifutwa kwa singa, tangu korona inayosaga majani ya mkonge mpaka cherehani ya magunia. Kitambaa angekitoa wapi? Na Bwana Miwani, meneja, alishaamuru: pikipiki mpya ing'ae. Basi iling'aa, ungeweza kunyoa ndevu mbele ya tangi lake.

Akaitoa nje ya banda la brashi, ilikolazwa kila siku kwa kuwa ndilo banda lenye kufuli. Akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena, ikakohoa, ikanyamaza. Akapiga mpaka jasho likamtoka, ndipo ikawaka.

"Leo usiniaibishe," aliiambia.

Mkewe, Praxeda, alikuwa amesimama na bakuli la uji mlangoni mwa chumba chao, hatua chache kutoka pale. "Baba Noa, unaongea na chuma?"

"Naibembeleza."

Praxeda hakucheka. Wote wawili walijua mambo yalipofika. Pikipiki ilikuwa imemfia njiani zaidi ya mara moja, na mara ya mwisho Bwana Miwani alimwambia kwa ufupi: ikifa tena, unarudi kukata. Zebedayo alikuja kutoka Uha kama manamba, kibarua wa mkataba, akakata mkonge mpaka mgongo ukamkatika yeye. Alipopewa kazi ya kupeleka mizigo midogo mjini kwa pikipiki, walipewa na chumba cha matofali chenye dirisha, nyuma ya stoo. Noa alizaliwa humo. Kurudi kukata ni kurudi kwenye kambi ya wakataji, kwenye vibanda vya makuti vinavyovuja, na kwa mgongo ule sijui angefika wapi. Akanywa uji amesimama.

Sasa nikuambie habari ya pikipiki ya zamani, maana watu wa shamba hawakuchoka kuisema. Ilikuwa nyeusi, nzito, mabaki ya vita vya Mjerumani. Iliharibika, tusidanganyane. Ilivuja oili popote iliposimama, mnyororo ulikatika, na kiki yake iliwahi kumpiga Zebedayo ugoko akachechemea siku nyingi. Lakini iliharibika kwa adabu. Ilianza kulalamika tangu mbali, ikagonga, ikatoa moshi, na mwenye masikio akajua kesho kuna kazi. Na kazi yenyewe ilikuwa ya waya na koleo tu. Hii mpya haikulalamika. Ilikwenda laini kama cherehani, kisha ikanyamaza, basi. Ukiitazama haina kosa. Unaipapasa huku na huku, huoni pa kuanzia. Na ni Bwana Miwani mwenyewe aliyewaambia wenye shamba kule Ulaya kwamba ile kuukuu iuzwe, inunuliwe mpya, na matatizo yatakwisha.

Siku hiyo Zebedayo alifunga nyuma ya kiti mafungu ya mkonge, sampuli za mkaguzi wa mjini anayepanga daraja za mkonge. Mkaguzi huondoka adhuhuri, hamngojei mtu. Zebedayo aliipita Pongwe vizuri, upepo ukimpiga kifuani, hata akaanza kupiga mluzi. Mluzi haukufika mbali. Injini ilizima katikati ya barabara, bila mlio, kama mtu aliyekatishwa maneno.

Alipiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Alifungua tangi, petroli ipo. Aligusa plagi, ikamuunguza vidole, akaiacha. Alichuchumaa akaitazama, nayo inang'aa tu, haina habari. Akaanza kuisukuma. Malori ya mkonge yalimpita yakimwagia vumbi, na turniboi mmoja aliyening'inia nyuma ya lori akamwita bwana harusi anayesindikiza bibi harusi kwa miguu.

Alifika Nguvumali ametota jasho. Hapo ndipo penye kibanda cha Sadalla, fundi wa baiskeli, cherehani na chochote chenye gurudumu. Uani akakuta kitu kilichomfanya asimame wima. Ile pikipiki ya zamani ilikuwa imelazwa ubavu, matumbo nje, na pembeni yake, juu ya kasha, ameketi Himyar bin Sleyum, mwenye minazi kule Tongoni, ambaye ndiye aliyeinunua. Kanzu yake ilikuwa imekunjwa mpaka magotini na ina madoa ya oili.

"Shikamoo, bwana Himyar."

"Marahaba, Zebedayo. Na wewe umekuja kuhani msiba?"

"Kumbe nayo inaharibika kwako?"

"Hapa imefika mara nyingi kuliko ilivyofika Tongoni," alisema Himyar. "Shamba zima mliniimbia tukutuku hii. Chuma cha vita, chuma cha vita. Chuma cha vita kimenisukumisha mchangani, mtu mzima mimi, wajukuu wananitazama."

"Hutii oili ndiyo maana," alisema Sadalla bila kuinua kichwa.

"Naitia. Inaimwaga."

"Ndivyo ilivyo. Unatia tena."

Zebedayo alijihisi kama mtu aliyesikia marehemu anasengenywa. Miezi yote hii alikuwa ameshikilia kwamba ya zamani ilikuwa pikipiki na hii mpya ni debe. Kama ya zamani nayo ni hivi, basi alikuwa akililia nini?

Sadalla alijifuta mikono, akaigonga ile mpya kwa ukucha. "Bati. Siku hizi wanapaka rangi kwanza, chuma wanatia kikibaki. Ina nini?"

"Sijui. Inazima. Ila bwana kakataza isifunguliwe na mtu, isipokuwa fundi wa waliotuuzia."

"Basi msukumie huyo fundi."

"Yuko Mombasa. Huja akijisikia."

Sadalla akarudi kwenye kazi yake. Zebedayo aliangalia jua, akaangalia mafungu ya mkonge nyuma ya kiti. Alijua akifungua ana kosa, na asipofungua ana kosa.

"Fungua, fundi."

Sadalla alilegeza skrubu, akachomoa chujio la hewa. Lilikuwa limeshindiliwa singa mpaka limekuwa kama mto wa kulalia. Akalichokonoa kwa msumari, nyuzi zikatoka nyeupe, zimeganda vumbi.

"Pikipiki yenu imekula mkonge," alisema.

"Hewa ya banda la brashi ni singa tupu," alisema Zebedayo polepole. "Lakini ile ya zamani ililala banda lilelile miaka yote. Mbona haikufa?"

"Ya zamani ina koo pana, inameza inatema. Hii koo lake jembamba, inataka hewa safi."

"Kosa la pikipiki basi," alisema Himyar. "Ukienda kukaa kwa watu unakula wanachokula."

"Haikuomba kulazwa kwenye singa, bwana Himyar."

"Basi kosa la meneja aliyeilaza."

Sadalla alimtazama Zebedayo. "Ile ya zamani ulikuwa ukiifuta?"

"Ile? Nani angeifuta ile."

"Na hii?"

"Kila siku. Nimeamriwa ing'ae."

"Unaifuta kwa kitu gani?"

Zebedayo alikitazama kiganja chake, kilichoshika konzi za singa asubuhi baada ya asubuhi na kuzisukuma humo humo mianyani, kwa mapenzi yote. Uso ukamwiva.

"Kipya kinyemi, ingawa kidonda," alisema Himyar, lakini kwa sauti ya huruma.

"Basi ni mimi, fundi? Niambie."

"Nikisema ni wewe tu, nitakuwa mwongo," alijibu Sadalla. "Na hii plagi nayo hainipendezi. Na huu waya nao umelegea tangu kiwandani. Huenda ni singa, huenda ni waya, huenda ni vyote. Nitasafisha, nitakaza, lakini usiniapishe."

Basi hapo Zebedayo akachanganyikiwa kabisa. Alikuja na pikipiki mbovu, sasa ana pikipiki mbovu, meneja mbovu, mkono mbovu na waya mbovu, na hajui amshike nani.

Ya Himyar ndiyo iliyofungwa kwanza. Mzee akaiwasha, ikanguruma mpaka kuku wa jirani wakatawanyika, akamwambia Zebedayo apande nyuma na sampuli zake. Waliingia mjini hivyo, mwenye minazi mbele na kanzu inapepea, manamba nyuma amekumbatia mkonge. Walipofika, karani wa ukaguzi alikuwa anafunga dirisha.

"Bwana mkaguzi ameondoka," alisema.

"Kaka yangu, nimesukuma tangu Pongwe."

"Mimi sikukuuliza umekujaje. Acha hapo, zitakaguliwa safari ijayo. Shambani kwenu wameshapigiwa simu kwamba hukufika." Dirisha likafungwa, kwa upole tu, bila ubaya wowote.

Aliporudi Nguvumali, Sadalla alikuwa amemaliza. Pikipiki mpya iliwaka kwa kiki moja. Na njia nzima, Mungu shahidi, ilikwenda kama siku ilipotolewa kwenye kasha, ikapanda vilima vya baada ya Pongwe bila kushusha pumzi. Siku nyingine angefurahi. Siku hiyo kila ilivyozidi kwenda vizuri ndivyo alivyozidi kujiuliza nani atamwamini kwamba ilikufa.

Bwana Miwani alikuwa amesimama mbele ya ofisi pamoja na Asheri, nyapara wa stoo. Alisikia pikipiki inavyokuja tangu mbali, na alivyosikia ndivyo uso ulivyozidi kuwa mwekundu. Aliichukua, akaizima, akapiga kiki mara moja kwa kiatu chake cha shamba. Ikawaka.

"Hii ndiyo nakufa?" aliuliza kwa Kiswahili chake. "Hii mzima. Wewe lala mjini, nakunywa pombe, kuja sema pikipiki nakufa."

"Sikunywa, bwana. Ilikufa. Ilikuwa imejaa singa kwenye chujio."

"Nani nafungua?"

Zebedayo akajua ameingia mtegoni kwa miguu yake mwenyewe. "Fundi wa Nguvumali, bwana."

"Mimi nasema nini? Hapana fungua. Wewe nafungua." Akavua miwani, akaifuta. Akatulia, na utulivu wake ulikuwa mbaya kuliko hasira. "Singa iko siku zote. Pikipiki ya zamani nalala kwa singa, hapana kufa. Kweli au uongo?"

"Kweli, bwana." Na ilikuwa kweli, hapo ndipo palipomtesa.

Bwana Miwani akamsogelea. Wenye shamba wanakuja kutoka Ulaya, alisema, na watauliza juu ya pikipiki. Hakutaka maneno mengi. Zebedayo aseme hapa mbele ya Asheri, na aseme tena mbele yao: pikipiki nzuri, mimi ndiye mbaya, nimeiharibu kwa uzembe wangu. Akisema hivyo, basi, yamekwisha. Atafagia banda la brashi, na chumba chake atakaa nacho.

"Hapana sema, kesho panga, nakata mkonge," alimaliza.

Asheri alimkonyeza. Sema, bwana, yaishe, jicho lilisema. Na Zebedayo alitaka kusema. Maneno yenyewe mepesi, na huenda hata ni ya kweli. Mkono wake si ndio uliojaza singa mle? Lakini na amri ya kung'arisha je? Na lile banda? Na waya uliolegea kabla yeye hajaiona pikipiki? Alitafuta ndani yake mahali pa kusimama aseme ni mimi, hakupaona. Alitafuta pa kusema si mimi, hakupaona pia.

"Sijui, bwana," alisema.

"Nini hujui?"

"Sijui kama ni mimi, au pikipiki, au singa. Ningejua ningesema."

Bwana Miwani akamkabidhi Asheri funguo za pikipiki, akaingia ofisini.

Praxeda alishasikia kabla mumewe hajafika nyumbani. Shambani habari haihitaji pikipiki. Alikuwa anakunja mkeka. Hakuinua uso.

"Ni kweli alikupa nafasi ya kubaki?"

"Kweli."

"Ukasema hujui."

"Kwa sababu sijui, Mama Noa. Nimelifikiria jambo hili tangu Nguvumali, kichwa kinaniuma."

"Nani aliyekuuliza unajua nini?" alisema. "Umeulizwa useme tu. Mgongo wako unaujua. Mtoto huyu unamjua. Hayo huyajui?" Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta. Zebedayo alisimama katikati ya chumba kile cha dirisha, akaona haya ya mwili mzima, kwa kosa asiloweza kulitaja.

Baadaye Praxeda alipangusa uso kwa upande wa khanga, akashika kitanda upande wa kichwani. "Shika huko," alisema.

Wakakibeba kitanda kupitia stoo, kupitia mbele ya ofisi, wakashuka kwenye kambi ya wakataji, Noa akiwafuata, kata ya kuchotea maji kaivaa kichwani. Watu walikuwa nje ya vibanda, wametoka kukata, wamekaa kimya kwa uchovu. Mama mmoja aliyekuwa anapepeta mahindi akasimamisha ungo.

"Kulikoni, Mama Noa?"

Zebedayo aliinamisha kichwa. Alikuwa anatafuta pa kuanzia, kwenye singa au kwenye chujio au kwenye amri, lakini mkewe alimtangulia, kwa sauti ambayo kambi nzima iliisikia.

"Mume wangu kaambiwa aseme uongo, kakataa."

Zebedayo aligeuka akamtazama. Siku nzima hakuna aliyemwambia alichokifanya, wala yeye mwenyewe hakukijua. Yule mama aliweka ungo chini, akaja akashika mguu mmoja wa kitanda, na mwanamume mwingine akainuka akashika mwingine. Mlango wa kibanda ulikuwa mwembamba, ikabidi wakilaze ubavu ndipo kikaingia.